Kabla Hujawaambia Watoto Wanyamaze

Kabula, mwanangu,

Salamu nazipita, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sufuria ya kwenda nayo. Mambo ya sufuria, ya chandarua na ya kuchemsha maji amekwisha kukuambia yeye, na ataendelea kukuambia mpaka gari la Meatu liondoke kesho. Mimi nina jambo lingine. Nikilisema kwa mdomo nitakasirika, nawe utalia, na hakuna atakayemsikia mwenzake. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Jumapili iliyopita nilikuonea kinyaa. Nimetafuta neno lililo laini kuliko hilo, nikalikosa, basi lichukue kama lilivyo.

Ulikuwa umekaa barazani unasukwa. Holo, mtoto wa mwisho wa shangazi yako wa Shishiyu, akaja mbele yako, mikono ameificha nyuma, akaanza kukueleza jambo kwa Kisukuma. Hukuinua hata kichwa. Ukamwambia, "Ongea Kiswahili. Mimi kilugha sisikii." Mtoto akakutazama, akaanza tena upya, safari hii kwa sauti ya chini. Ukamwambia aende akajifunze kuongea kwanza, ndipo arudi. Msusi wako akacheka, nawe ukacheka.

Nilimfuata Holo nyuma ya nyumba. Mikononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake karanga alizozibangua mwenyewe, kwa sababu alisikia Kabula anakwenda mbali kuwa mwalimu. Nilimkuta anawamwagia kuku. Nilimuuliza kwa nini, akasema tu kwamba dada hasikii.

Nilitoka nikaenda kusimama zizini, na chakula cha mchana sikukila. Mama yako alidhani ni tumbo. Kilugha husikii? Wewe uliyepewa jina la mvua kwa sababu ulizaliwa inanyesha, uliyembembeleza bibi yako kwa Kisukuma mpaka siku anakata roho? Chuo kimekufanya kiziwi kwa miaka miwili tu?

Cheti chako nimekifurahia. Usidhani vinginevyo. Nimefurahi pia kwamba wamekupangia darasa la kwanza, huko Lingeka, ingawa najua wewe ulinuna kwa siku kadhaa kama mtu aliyepangiwa gereza. Lakini ulinipa nisome andalio lako la somo la kusikiliza na kuzungumza, lile walilolisifu kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimelisoma. Matendo ya mwalimu: kueleza, kuuliza, kusahihisha. Matendo ya mwanafunzi: kusikiliza, kujibu, kurudia. Nimelisoma mpaka mwisho nikitafuta mahali ambapo mwalimu naye anasikiliza, sikupaona.

Sikucheki. Na mimi nilianzia hapohapo.

Unajua kwamba karibu maisha yangu yote ya kazi nimefundisha watoto wa darasa la kwanza, na kwamba wanaume wenzangu pale stafu waliniita mama wa vidudu. Usichojua ni jinsi nilivyokuwa nawafundisha. Niliamini darasa zuri ni lile linalopiga kelele pamoja. Nanyanyua kitabu, nauliza hiki ni nini, wanajibu wote, hiki ni kitabu. Mkaguzi akiwa bado yuko barabarani alikuwa anatusikia, na aliandika kwamba mimi hodari. Siku moja nilivua kiatu kutoa kokoto iliyonichoma, nikakinyanyua bila kufikiri, nikauliza hiki ni nini. Darasa zima likajibu, hiki ni kitabu. Nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia wenzangu stafu kama kichekesho. Haikunijia hata kidogo kwamba kichekesho ni mimi.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Unaikumbuka kwa sababu ya sukari na sabuni kujaa madukani, na mitumba ambayo mama yako aliichagua kutwa nzima sokoni. Mimi naikumbuka kwa pamba. Ushirika ulilegea, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, pamba safi wakaiita fifi, yaani ya daraja la chini, wapate kuinunua kwa bei ya fifi. Na sisi wakulima tusijifanye watakatifu. Tuliimwagia maji na mchanga ili iwe nzito. Niliona mzee wa kanisa akimwagilia robota la pamba kama mtu anayemwagilia mchicha. Kila mtu alimwibia mwenzake, na wote tukaita hiyo ni biashara.

Bwana Nkingwa alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Alikuwa na ghala pale Somanda. Msimu mmoja pamba ilipokosekana, aliligawa ghala lile kwa mbao za plaiwudi, akalipaka bluu, akaandika ukutani kwamba ni shule ya Kiingereza. Harufu ya mbegu za pamba na dawa ya wadudu haikutoka. Watoto walisoma wakipiga chafya. Wazazi walipanga foleni.

Nilikwenda kufundisha kule na unajua kwa nini. Mshahara wa serikali ulikuwa unachelewa mpaka mtu unasahau ni wa mwezi gani, wewe umefaulu kwenda sekondari, na sekondari nazo zilikuwa zimeanza kudai wazazi wachangie. Niliomba likizo bila malipo, nikaenda kwa Nkingwa. Ada yako ilitoka kule. Sanduku lako la bati lilitoka kule. Nakuambia ili usidhani nakuandikia nikiwa nimesimama mahali pasafi.

Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa binti wa mjini, Madamu Stela, mwenye Kiingereza kinachoteleza. Hakuwa mtu mbaya. Aliletewa sheria na mwenye shule, naye akaisimamia kwa bidii kama alivyosimamia usafi wa kucha. Sheria ilikuwa hivi: mtoto akivuka geti, asiseme Kisukuma wala Kiswahili. Anayesema anavishwa shingoni kibao chenye kamba ya katani, na anakaa nacho mpaka amnase mwenzake akisema, ndipo amvishe yeye.

Fikiria mtoto wa miaka sita mwenye kazi ya kunasa wenzake. Walikuwa wanaviziana nyuma ya ghala. Walikuwa wanafinyana ili anayefinywa alie "mayu", yaani mama, kisha mwenye kibao anakivua mbio na kumvisha. Niliona mtoto akimchoma rafiki yake kwa mwiba wa mgunga, tena akimchoma kwa upole, kama anayemwomba msamaha. Mwishowe waliona afadhali kunyamaza. Darasa la kwanza zima, Kabula, limenyamaza kama msibani, na wageni waliopita walisema shule hii ina nidhamu. Mpaka leo nikisikia mtu anasifu darasa kwa ukimya, mate yananijaa mdomoni, mate ya kutema.

Kiingereza walichokuwa nacho watoto wale kilikuwa sentensi chache walizozikariri. Gudi moning vizitazi. Wi a veri hapi. Na ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, ambayo kila mtoto aliijua vizuri kwa sababu aliihitaji: Plizi ticha, mei ai go auti.

Palikuwa na msichana mmoja, Mbuke. Mama yake alikuwa mjane anayelima pamba nje kidogo ya mji, na alikuwa ameuza mtamba ili mtoto asome kwa Nkingwa. Mbuke alikuwa na maneno mengi kabla hajaja pale. Mama yake aliniambia kwamba nyumbani alikuwa anawasimulia hata mbuzi.

Siku ya wageni ilifika. Wazazi wote walialikwa, na wakubwa wa wilaya, waje wasikie watoto wanaongea Kiingereza. Asubuhi ile nilikuwa juu ya ngazi nafunga karatasi za rangi mlangoni, Madamu Stela yuko chini yangu na orodha ya viti. Mbuke akaja mbio kutoka chooni, akamwambia kwa Kisukuma kwamba ubao wa choo umeoza, mguu wake umezama, mtu ataanguka. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama mtu mzima anayetoa taarifa.

Madamu hakujua Kisukuma. Akamwambia aseme kwa Kiingereza.

Mbuke hakuwa na Kiingereza cha ubao wala cha kuoza. Alisimama pale akitafuta. Kisha akasema alichokuwa nacho: Plizi ticha, mei ai go auti. Madamu akamjibu kwamba ndiyo kwanza anatoka huko, na kwa kuwa alianza na kilugha, akaagiza avishwe kibao. Akavishwa.

Mimi nilisikia kila neno na nilielewa kila neno. Niliteremka nikaenda kukitazama choo. Nilibonyeza ubao kwa kidole cha mguu, ukabonyea kama ugali uliolala. Nilikwenda kwa Nkingwa ofisini, nikamweleza. Alikuwa anajaribu tai mbele ya kioo cha mkononi. Aliniambia, "Baada ya wageni, Mwalimu. Leo usiniletee habari za choo."

Nikamjibu, "Sawa, mzee."

Nimelifikiria neno hilo "sawa" kuliko maneno mengine yote niliyowahi kusema. Nilikuwa nimesema, na moyo ukatulia kwa sababu nimesema, kana kwamba kazi ya kusema ni kutua mzigo wako wewe. Kama alisikia au hakusikia, sikujiuliza. Tawi moja la miiba lingetosha kuziba mlango ule, kama tunavyofunga zizi. Sikulikata. Nilirudi kupanga viti.

Wageni walipoanza kuingia tuliwapanga watoto mistari, nikaona nafasi ya Mbuke iko wazi. Nikauliza. Hakuna aliyejibu, maana kujibu kulihitaji lugha. Mlinzi wetu, Mzee Jilala, alikuwa amekaa karibu na geti. Nilimuuliza kama amemwona msichana mwenye kibao. Akasema hajamwona, ila kule chooni kuna mtoto kwa muda sasa anafanya mazoezi ya Kiingereza.

Nilikimbia. Nilipokaribia nikamsikia. Sauti ilikuwa inatoka chini ya ardhi, nyembamba, haina haraka, inarudia jambo lilelile. Plizi ticha, mei ai go auti. Plizi ticha, mei ai go auti.

Alikuwa amezama mpaka kifuani. Kilichomwokoa asife ni ubahili wa Nkingwa, ambaye hakutaka kuwalipa wachimbaji waende chini zaidi. Tulitumia kamba ya kufungia ng'ombe. Mimi nililala kifudifudi, Mzee Jilala akanikalia miguu, nikamfunga kamba kwapani, tukamvuta. Kibao kilikuwa bado shingoni. Nilikikata nikakitupia kulekule shimoni, na hicho ndicho kitu pekee nilichofanya siku ile ambacho sikijutii.

Hutaki nikueleze harufu, lakini nitakueleza jambo lililonuka kuliko hiyo. Nilimbeba mpaka kwenye pipa la maji lililokuwa karibu, nikaanza kumwogesha. Nkingwa alikuja na tai yake. Alitazama mtoto, akatazama pipa, akasema, "Hayo maji ni ya wageni." Kisha akasema nimpeleke nyuma ya ghala, kwa sababu upepo unaelekea kwenye viti.

Niliendelea kumwaga maji. Nilimfunika Mbuke kwa shati langu, nikampakia kwenye baiskeli, na tulipokuwa tunatoka getini nikasikia nyuma yetu watoto wote, kwa sauti moja, wakiwaambia wageni kwamba wamefurahi sana. Makofi yalifuata. Yalitusindikiza mpaka barabarani.

Njia nzima Mbuke hakusema neno. Nilipomkabidhi kwa mama yake naye akamuuliza kilichotokea, Mbuke alifunga midomo kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa.

Ulikuwa shuleni wakati ule, huyajui haya. Ulipokuja likizo nilikuambia tu kwamba nimerudi shule yangu ya zamani.

Kabla sijarudi ulifanyika mkutano wa wazazi. Nilikwenda nikiwa na tumaini, na tumaini ndilo lililonifanya nichefuke baadaye. Nilieleza mambo yote, ya ubao, ya kibao, ya maji. Kisha Mama Mbuke akasimama, akaanza kusema kwa Kisukuma, kwa sababu ndicho alicho nacho. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri akamkata. Akamwambia, "Mama, hapa ni shule ya Kiingereza. Tuheshimiane." Watu wakacheka. Kabula, ukumbi ule wote ulikuwa wa Wasukuma. Asubuhi ile tulikuwa tumeamkiana "mwangaluka" pale mlangoni, kila mmoja na mwenzake. Hakuna hata mmoja ambaye hakumwelewa yule mama. Waliamua kutomwelewa. Akakaa.

Yule mzee akanigeukia mimi. Akasema mtoto wake hajamaliza mwaka na tayari anasema gudi moning. "Wewe Mwalimu, miaka yote uliyokuwa na watoto wetu kule shule ya serikali, ulitufundishia kusema nini?"

Wakapiga makofi. Waliponipigia makofi yale ya kunizomea nilijua wako vipofu, nilijua pia kwamba swali ni la haki. Nilikuwa nimewafundisha kusema kwamba kiatu ni kitabu. Nilikuwa nimewazoesha wazazi wale, wengine niliwafundisha mwenyewe wakiwa wadogo, kwamba kusema ni kupaza sauti moja na wenzako na kwamba anayesema peke yake anavuruga. Nkingwa hakuwaletea ugonjwa mpya. Aliukuta, akaupaka rangi ya bluu.

Choo kipya kilijengwa, cha matofali. Akaandika jina lake juu ya mlango.

Nilirudi kwenye darasa langu la zamani, watoto wamebanana chini kama mahindi kwenye ghala, na nilikuwa naona kinyaa hata kunyanyua kitabu. Haukupita muda Mama Mbuke akaja na mtoto mkononi. Aliniambia, "Baba Kabula, tangu siku ile hajasema. Kwangu hasemi, kwa bibi yake hasemi. Sikuletei asome. Mwache akae." Akamkalisha karibu na mlango, akaondoka kwenda shambani.

Sikujua la kufanya, hiyo ndiyo kweli. Katika kutojua kwangu nikaacha kufundisha nilivyozoea. Asubuhi nilikuwa nakaa chini, pamoja nao, nauliza nani ameona jambo njiani. Siku za mwanzo walijibu wote kwa pamoja, "Hakuna, Mwalimu." Nilinyamaza. Siku nyingine nikauliza tena, nikanyamaza tena, na kunyamaza mbele ya watoto ni kazi ngumu kuliko kulima, utaona. Mwishowe mmoja akasema kwa Kisukuma kwamba fisi amechukua mbuzi wa jirani. Mwingine akadakia, hapana, ni mbwa. Wa tatu naye akapaza sauti, na vurugu ikaanza.

Hapo ndipo nilipoweka sharti moja, na ndilo sharti pekee nililowahi kuweka ambalo nalionea fahari. Kabla hujasema la kwako, useme kwanza alilosema mwenzako, mpaka yeye mwenyewe aseme "ndivyo". Asiposema ndivyo, unarudia. Wengine walichukua muda mrefu sana kufika kwenye la kwao. Wengine walipofika walikuwa wameshalisahau, na wakagundua kwamba la mwenzao lilikuwa zuri zaidi.

Nilikuwa pia nawatuma. Nenda ofisini, umwambie Mwalimu Mkuu naomba chaki na umuulize kengele itapigwa saa ngapi, uje uniambie alivyojibu. Walirudi na ufagio. Walirudi na jibu la mwaka juzi. Tulikuwa tunacheka, halafu tunatafuta neno lilidondokea wapi njiani. Kwa Mwalimu Mkuu iliwabidi waseme Kiswahili, na wakaanza kukitafuta wenyewe, wakiulizana, huyu akimpa yule neno. Kiswahili kilifuata Kisukuma kama ndama anavyomfuata mama yake. Sikukivuta kwa kamba.

Usidhani nilipongezwa. Wenzangu waliita darasa langu kijiwe cha porojo. Mkaguzi yuleyule aliyenisifu zamani aliandika kwamba darasa lina mazungumzo mengi. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakumsikiliza hata mtoto mmoja, akaandika na kuondoka na pikipiki yake. Nilitema mate pale aliposimama.

Mbuke alikaa karibu na mlango mvua zikaja, zikaisha, pamba ikachanua. Sikumuuliza kitu. Kila siku nilitamani kumuuliza, na kila siku nilijiambia kwamba hamu ile ni yangu mimi, ili nilale vizuri.

Asubuhi moja mtoto mmoja alisimulia kwamba ndama wao ametumbukia lamboni, na kaka zake wamemtoa kwa kamba. Akamaliza. Nikauliza nani anafuata. Mbuke akanyoosha mkono.

Alifuata sharti. Alianza na ndama, kwa Kisukuma, akaeleza yote, rangi yake, matope, kamba, kaka wawili, hata jinsi ndama alivyokohoa. Mwenye ndama akasema, ndivyo. Ndipo Mbuke akaeleza la kwake. Alieleza jinsi alivyorudi chooni ili wageni wasimwone na kibao, akaeleza ubao, giza na wadudu waliokuwa wanatembea. Nilifungua mdomo nimpoze, nimwambie basi inatosha, nikaufunga.

Alipomaliza, msichana mmoja akamuuliza kwa nini hakulia, watu wamsikie.

Mbuke akamtazama kama anayeulizwa jambo la wazi. Akasema, "Kulia ni Kisukuma."

Baadaye yule mwenye ndama akamuuliza kama viatu vyake vilibaki mle. Akasema kimoja. Mwenzake akauliza kama ni cha kulia au cha kushoto, na wakaanza kubishana juu ya kiatu, na Mbuke akabishana nao.

Mimi nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya darasa na hasira niliyoshindwa kuiweka mahali popote. Si hasira ya Nkingwa peke yake, wala ya Stela. Ilikuwa ya sisi wote tulioweza kumfanya mtoto aone kwamba hata kilio chake ni kosa, mpaka akiwa anazama kwenye uchafu wetu aombe ruhusa kwa adabu, kwa maneno tuliyompa. Hasira hiyo bado ninayo. Sikukusudia kukurithisha, lakini Jumapili nilipomwona Holo na kuku wale, niliona afadhali nikurithishe hiyo kuliko kukuacha na kicheko kile ulichocheka na msusi.

Shule ya Nkingwa imeongeza madarasa, umeyaona. Ana magari mawili ya kubeba watoto. Stela alikwenda Mwanza, na kabla hajaondoka alikuja hapa nyumbani, akakaa pale unapopenda kukaa, akanitaka nimfundishe kusema "pole" kwa Kisukuma apate kwenda kwa Mama Mbuke. Nilimfundisha. Sijui kama alikwenda.

Mbuke yuko darasa la tano. Juzi mwalimu wake alikuja kunishitakia, maana wanajua kwamba alipita kwangu. Alisema mtoto huyu ana mdomo. Mwalimu huyo alikuwa anamchapa mvulana mmoja kwa kuchelewa, Mbuke akasimama darasani akamuuliza, kwa Kiswahili safi, "Mwalimu, umemuuliza alikuwa wapi?" Nikamuuliza mwalimu, ulikuwa umemuuliza? Akasema hilo silo jambo, jambo ni adabu. Nikamuuliza tena. Akanyanyuka akaondoka bila kuaga, na chai yake imebaki kwenye kikombe.

Huko Lingeka utakuta watoto wanaokuja shule moja kwa moja kutoka machungani, miguu ina mavi ya ng'ombe, na wana mambo mengi mno ya kusema. Utachoka. Utanuka kama wao. Siku nyingine utatamani wanyamaze tu, nao wakinyamaza utaona raha, na hiyo raha ndiyo ninayoiogopa kwa ajili yako. Mimi niliionja miaka mingi.

Sina zaidi. Nakusikia umeshinda ubishi wa sufuria, au mama yako ameamua kunyamaza, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Usinijibu kwa barua. Uje likizo, ukae hapa barazani, unieleze kwa mdomo wako jinsi nilivyokukosea humu, kwa lugha yoyote utakayoichagua. Nitakaa kimya mpaka umalize. Kisha nitarudia uliyosema, na wewe ndiwe utakayeamua kama ndivyo.

Baba yako